Mfunga Barabara

Ofisini wameniambia niandike sifa za mtu atakayechukua nafasi ya Mkuu wa kitengo chetu, kitengo cha mipango ya usafiri, usalama na ustahimilivu wa barabara. Nafasi iko wazi tangu Mkuu astaafu, na mimi ninayeikaimu nimechoka kuikaimu. Nikaandika: shahada ya mipango ya usafirishaji au uhandisi. Uzoefu. Uwezo wa kutumia programu za ramani na kuchambua takwimu za ajali. Uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Hapo kwenye shinikizo nikakwama, kwa sababu nilikuwa nikimwona yeye, viatu vyake vya raba vimejaa udongo, anaingia ofisini hana nguvu hata ya kuvuta kiti.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala alisoma wapi. Hayo yamo kwenye faili lake, na anayetaka akalisome. Nitaeleza nilivyomjua kwa miaka niliyokaa meza iliyo jirani na yake, kwa mpangilio wowote utakaonijia.

Ofisini tulimwita Mkuu. Watu wa vijiji vya ng'ambo ya korongo walimwita Mfunga Barabara, na hawakuwa wakimsifu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sauti ndogo inayokulazimisha usogee. Kwenye gari la ofisi hakukubali dereva awashe injini kabla hatujafunga mikanda wote, hata tukiwa tunatoka jengo moja kwenda jengo la pili. Dereva wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alinuna kila asubuhi. Lakini Mkuu huyo huyo, jioni akichelewa, alipanda bodaboda bila kofia ngumu, mtandio unapepea, akaenda zake nyumbani Ipagala. Nilipomuuliza alisema kofia za abiria zinanuka vichwa vya watu. Nikamwambia hiyo siyo sababu. Akasema anajua siyo sababu.

Vikaoni alikuwa adui wa matuta. Ajali ikitokea, wananchi wanadai tuta, diwani anadai tuta, na wiki haijaisha tuta limewekwa. Yeye alisema tuta ni njia ya kuonyesha tumesikia bila kufanya kazi. Alitaka kwanza kujua watu wanavuka wapi, kwa nini wanavuka hapo, na gari linaipatia wapi ile kasi. Kuna wakati alikaa ukingoni mwa barabara kule mtaa wa Area D tangu asubuhi, juu ya kigoda alichoazima kwa muuza maandazi, anawaangalia wanafunzi wanavyovuka. Mwisho wa yote akapendekeza kituo cha bajaji kihamishiwe upande wa pili, basi. Kituo kikahama, watoto wakaacha kukimbilia bajaji katikati ya magari, na hakuna aliyekuja kushukuru kwa sababu hakuna aliyejua kuna kitu kimefanyika. Haya, siku moja nikaenda kwake kumpelekea mchoro, gari likaruka juu ya kitu nusura niung'ate ulimi. Lilikuwa tuta, la udongo na mawe, halina kibao wala rangi, mbele ya geti lake. Nilimtazama. Akasema majirani ndio waliolijenga, yeye alitoa maji ya kunywa tu.

Nasema haya mapema ili mtu asidhani namchora malaika.

Dodoma mvua ni sherehe. Tunakaa na vumbi miezi kwa miezi, midomo inapasuka, halafu siku moja mbingu zinafunguka na ofisi nzima inakwenda dirishani. Hata wahasibu wanacheka. Mkuu hakwenda dirishani. Alikwenda kwenye simu. Alikuwa na shamba dogo la zabibu na mtama uliokuwa ukililia maji kama mazao ya wenzake, lakini wingu likijikusanya uso wake ulibadilika kama mtu aliyekumbushwa msiba. Nilimcheka mwanzoni. Siku hizi na mimi siendi dirishani.

Sababu ni lile korongo. Kuna barabara ya vumbi inayochepuka kutoka barabara ya lami iendayo Mtera na kwenda kwenye vijiji ambavyo sisi tunaviita vya ng'ambo. Katikati inakatwa na korongo pana. Karibu mwaka mzima korongo hilo ni mchanga mtupu. Watoto wanachezea mpira humo, akina mama wanafukua visima vifupi wapate maji ya kuchota kwa kikombe. Daraja hakuna. Kuna sakafu ya zege iliyolazwa chini, magari yanashuka, yanapita juu yake, yanapanda upande wa pili. Ubaya wake ni kwamba mvua haihitaji kunyesha pale. Inanyesha huko juu kwenye vilima, mbali, pale korongoni jua linawaka, halafu maji yanatokea ghafla kwenye kona ya korongo, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na mbuzi. Aliye katikati ya sakafu hana muda wa kugeuza gari.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kujua mvua usiyoiona. Vyombo vya kupimia tuliahidiwa, tukaahidiwa tena. Mkuu akatengeneza watu. Kule juu alikuwa na mhudumu wa zahanati, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, mchungaji wa kanisa na mzee mmoja mfugaji ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha lakini mvua aliisema vizuri. Mvua ikinyesha kwao, wanampigia. Hakuwalipa. Aliwapigia kiangazi, wakati hana shida nao, anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za goti la mama mkwe. Mwanzoni nilidhani anapoteza saa za kazi. Baadaye nikaelewa kwamba mtu uliyemjulia hali mwezi wa nane ndiye atakayetoka kwenye usingizi mwezi wa kwanza akupigie simu. Hili ningependa kuliandika kwenye tangazo, ila sijui linaandikwaje.

Akishapigiwa, anampigia mlinzi wa kizuizi, na mlinzi anavuta mnyororo kati ya mapipa mawili yaliyojazwa mawe. Kizuizi chenyewe ni hicho. Upande wa pili nako kuna mapipa mawili na mlinzi mwingine.

Ukifunga mapema mno, watu wanakaa nusu siku mbele ya mchanga mkavu wanakutukana. Ukichelewa, unaokota maiti. Na hakuna anayeweza kukuambia mapema ni saa ngapi.

Madereva wa mabasi walikuwa na kipimo chao. Maji yakiwa yamepita sakafu, konda anavua viatu, anakunja suruali, anatangulia. Konda akifika ng'ambo, basi linafuata. Na pakiwa na ng'ombe wanavuka, ndiyo kabisa, dereva hata hamngoji konda. Ng'ombe kapita, chuma kitashindwaje? Mkuu aliwaambia vikaoni mara nyingi kwamba maji hayajali uzito, yanatafuta ubavu. Walimsikiliza kwa adabu na wakaendelea vile vile. Basi mwaka mmoja, maji yakiwa yanaishia, yamefika kwenye muundi wa mguu tu, alimwita konda mmoja mwenye mwili na mdomo mkubwa, akamwambia aingie asimame. Konda akasimama, akacheka, akachezesha kiuno kuwaonyesha abiria. Mkuu akachukua bati bovu lililokuwa kwenye gari letu, akampa.

"Lishike pembeni yako, lisimame hivi, liguse chini. Hilo ni ubavu wa basi lenu."

Konda akalishika. Maji yakalichukua bati na yeye mwenyewe nalo, akaenda akiwa amekaa kitako mpaka kwenye majani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Madereva hawakucheka. Mmoja alikuja baadaye akamuuliza Mkuu kama basi refu ni hatari kuliko fupi, wakakaa chini ya kivuli cha gari wakichora kwenye mchanga. Konda alitoka na mikwaruzo na akamnunia Mkuu msimu mzima, na nadhani alikuwa na haki.

Kwenye kompyuta alikuwa hodari, jambo ambalo vijana waliotoka chuoni hawakulitegemea. Alipanga tabaka za ramani haraka kuliko mimi, alijua picha za angani zinadanganya wapi. Alichokosa ni uvumilivu wa kuandika. Ripoti zake zilikuwa fupi, kavu, zenye hasira zilizofichwa vibaya, na zilirudishwa. Mimi ndiye niliyezipaka mafuta. Yeye anaandika, "Watu wamekwama." Mimi naandika, "Imebainika kuwepo kwa changamoto ya ufikikaji." Anaisoma, anashusha pumzi, anatia saini.

Ripoti nyingi zilihusu daraja. Jibu lilikuwa moja, kwamba barabara ile haina magari ya kutosha kustahili daraja. Na kwa hesabu waliyoifanya ilikuwa kweli, maana waliotumwa kuhesabu walifika siku za kawaida, wakakaa kwenye hema lao, wakaona bodaboda na trekta. Hakuna aliyewaambia kwamba nchi hii inaishi kwa mnada. Siku ya mnada ng'ambo, barabara ile hupitisha malori ya ng'ombe, mabasi, wauza mitumba, wauza perege wakavu kutoka bwawa la Mtera, makundi ya wachungaji na fimbo zao, mkoa mzima unaonekana umehamia huko. Siku inayofuata pamekauka tena. Mkuu alidai wahesabu upya siku ya mnada, tena wahesabu na wanaosubiri, siyo wanaopita tu. Wakamwambia fomu haina sehemu ya wanaosubiri. Daraja likapigwa kalenda. Litaingia mwaka ujao wa fedha, walisema, na mwaka ujao ulipofika wakasema ujao. Nikimtazama kwenye vikao vile nilimwona anavyochoka, kidogo kidogo.

Alikuwa na swali moja aliloliuliza mpaka likatukera: nani yuko upande wa pili? Tukijadili kituo cha mabasi, anauliza. Tukijadili taa za barabarani, anauliza. Wageni walidhani ni swali la kitaalamu. Sisi tulijua lilitoka wapi.

Miaka ile nilipokuwa bado mgeni, msimu mmoja wa masika, yule mchungaji wa kanisa alipiga simu kutoka juu kwamba mvua ni kubwa. Mkuu akafunga. Lilikuwepo basi upande wetu limejaa watu wa mnada. Wakazuiwa, wakapiga kelele. Upande wa pili akaja baba mmoja na pikipiki, mkewe nyuma, amempakata mtoto mwenye degedege. Zahanati ya kwao dawa zilikuwa zimekwisha. Mlinzi wa ng'ambo alikuwa ameambiwa asipitishe mtu, na hakupitisha mtu. Korongo wakati huo lilikuwa kavu. Maji yalikuja, yalikuja makubwa kweli, lakini yalichelewa, na kabla hayajafika mtoto alikuwa amekwisha kufa pale pale kwenye mapipa, mikononi mwa mama yake.

Watu walisema Mkuu ameua. Wengine wakasema ameokoa basi zima. Nilikuwepo, na sijui kama basi lingesombwa. Huenda lingepita salama na abiria wakafika mnadani wakanunua vyombo vya plastiki. Hilo ndilo linalochosha kwenye kazi hii. Uliowaokoa huwajui, hata wao hawajijui. Uliyemzuia ana jina, ana mama.

Mkuu alikwenda kwenye mazishi. Nilimsihi asiende, akaenda, akasimama nyuma kabisa, na hakuna aliyempa kiti. Mama wa yule mtoto aliuza nyanya mnadani miaka yote iliyofuata. Mkuu, ambaye aliingia kila kichochoro cha mnada ule kwa miguu, akiongea na madalali na wapakiaji, hakuwahi kupita mstari wa nyanya. Anafika kwenye vitunguu, anageuka. Hatukuwahi kulizungumza.

Baada ya hapo hakuacha kufunga. Ila aliacha kufunga peke yake. Kabla hajampigia mlinzi anampigia muuguzi wa ng'ambo: kuna mgonjwa anayehitaji kuvuka? Kuna mjamzito aliyekaribia? Kila mwezi wa kumi na moja alihangaika dawa zipelekwe kule kabla ya masika, jambo ambalo halikuwa kazi yetu, na idara inayohusika ilimwambia hivyo kwa barua yenye mhuri. Alihangaika mpaka wakapata guta la magurudumu matatu la kubebea wagonjwa, likae ng'ambo, lisivuke. Wakubwa walimwambia anatumia muda wa barabara kwenye mambo ya hospitali. Alisema barabara iliyofungwa bado ni kazi yake.

Ilibidi pia awe jeuri, na kwa asili hakuwa jeuri. Mheshimiwa mmoja alifika na msafara, korongo limefungwa, mchanga unang'aa kwa ukavu. Msaidizi wake akashuka, akamweleza Mkuu ni nani yuko ndani ya gari. Mkuu akasema anamheshimu sana na barabara imefungwa. Msaidizi akasema watampigia bosi wake. Simu ya Mkuu ikaanza kuita, sote tunaisikia ikiita ndani ya mkoba wake, na yeye amesimama anamwambia msaidizi kwamba hapa mtandao unasumbua sana. Iliita mpaka ikachoka. Msafara ukageuza. Kwa wakubwa aliweza kudanganya bila hata kupepesa macho. Kuhusu maji sikuwahi kumsikia akidanganya, si kwenye ripoti wala kwa mtu. Maji yasipokuja aliandika hayakuja, wakati angeweza kuandika yalipita kidogo tu na kila mtu angefurahi.

Alipostaafu tulimfanyia hafla ukumbini, soda na pilau, tukampa vitenge na saa ya ukutani. Watu walisema maneno marefu. Yeye alisimama, akatushukuru, akauliza kama kuna mwenye habari za daraja. Watu wakacheka wakidhani ni utani. Akakaa chini.

Nikaachiwa kiti, simu za watu wa mvua na mapipa. Mwaka wa kwanza nilimpigia karibu kila wingu lilipojikusanya. Alinijibu, kisha akawa anajibu kwa kifupi, kisha siku moja akaniambia kwa upole kwamba amelala vizuri tangu astaafu na angependa kuendelea kulala. Sikumpigia tena kuhusu mvua.

Masika haya yaliyopita, asubuhi, mhudumu wa zahanati alinipigia kutoka juu. Mvua kubwa, alisema, imeanza alfajiri, vilima havionekani. Nikampigia muuguzi wa ng'ambo, akasema hana mgonjwa wa kuvuka. Nikaamuru pafungwe, nikaenda mwenyewe kusimama kizuizini, kwa kuwa mlinzi alikuwa mpya na watu wanamtisha.

Haikuchukua muda likaja gari aina ya Noah limejaa wanawake waliovaa kanga, masufuria yamefungwa juu. Mlango ukafunguka, akashuka Mkuu. Tangu astaafu alikuwa amepungua sana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia dada yake amefariki kijiji cha ng'ambo na wanazika saa nane.

Nilimpa pole. Nilijua habari za dada huyo. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyeuza mbuzi wake asome. Mkuu alimtaja mara chache sana na kila alipomtaja sauti yake ililainika.

Akatazama korongo. Mchanga ulikuwa mkavu, jua limepanda. Akauliza nani amepiga simu, nikamwambia. Akauliza imeanza saa ngapi, nikamwambia. Akapiga hesabu, nami nikaiona hesabu ikipita usoni mwake, kwa kuwa ni yeye aliyenifundisha kuipiga.

"Kuna muda," akasema. "Gari moja. Tunashuka, tunapanda."

"Mama, siwezi."

"Njia ya kuzunguka ni nusu siku, na matope. Watakuwa wameshamfukia."

"Najua, Mama."

Akasema tena maneno yale ambayo watu walikuwa wakimwambia yeye. Kwamba hata tone halionekani. Kwamba dereva ni mzoefu. Kwamba mhudumu wa zahanati ni mwoga, anaita kila manyunyu mafuriko. Aliyasema kwa sauti yake ile ndogo, na mimi nilikuwa na aibu kwa niaba yake na kwa niaba yangu. Nilipotikisa kichwa akavua viatu, akavishika mkononi, akapita pembeni ya pipa kwenda kuvuka kwa miguu. Magoti yake yalikuwa mabovu siku nyingi; korongo lile angelimaliza lini? Nikamfuata nikamshika mkono. Mtu mzima, mbele ya ndugu zake, nimemshika mkono kama anayekamata mwizi.

Hakujivuta. Alinitazama karibu sana.

"Ukatili huu umejifunza wapi?"

Wanawake ndani ya gari walianza kulia, mmoja akanilaani kwa Kigogo. Mkuu akarudi, akavaa viatu vyake akiegemea mlango, akapanda. Noah ikageuza ikaelekea kwenye lami kuanza safari ya kuzunguka.

Nilikaa pale kwenye mawe siku nzima. Nasema ukweli, niliomba maji yaje. Niliomba yaje mengi, yaje na magogo, yapige kelele. Watu walikusanyika pande zote mbili, wakanitukana, wakachoka kutukana, wakakaa. Saa nane ilifika ikapita. Nilitazama kona ile mpaka macho yakauma. Kule juu kulikuwa kumenyesha kweli, mhudumu wa zahanati hakutia chumvi, lakini maji yalizama njiani au yalishika mkondo mwingine, sijui. Jua likashuka, mchanga ukabaki mchanga.

Asubuhi nikafungua, nikavuka, nikaenda msibani kutoa rambirambi. Wanaume walikuwa kwenye mabenchi, wakanisogezea nafasi bila kunisemesha. Walinijua. Mkuu akatoka kwa wanawake, akaja akaketi kwenye ukingo wa benchi langu, akiwatazama kuku. Alisema wao walifika wakati watu wanaweka mashada. Kisha akauliza:

"Maji yalikuja?"

Ningeweza kusema yalikuja. Hakuwepo, wenye Noah hawakuwepo, na maji ya korongo hayaachi alama ya kudumu. Lingekuwa neno moja tu, naye angebaki nalo maisha yake yote kama faraja.

"Hayakuja, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akainama, akalia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya yule mtoto. Nilitaka kumwomba msamaha, ila sikujua ningeuombea kosa gani, na nadhani yeye pia alitaka kunisamehe akakwama hapo hapo. Mtu akaleta sahani mbili za wali na maharage, akaziweka kati yetu. Mkuu akafuta uso, akaniambia nile. Tukala.

Tulipomaliza kunawa alinyanyuka kwa shida, akaangalia upande wa vilima. Kulikuwa na wingu, jeusi chini, linaning'inia. Nami nililiona, nilikuwa nikijifanya silioni.

"Nenda sasa hivi," akasema. "Ukishavuka, funga."

Nikamwambia hatapata njia ya kurudi Ipagala leo, labda wala kesho, maana mvua hiyo itaifunga hata ile ya kuzunguka. Alikuwa ameshanipa mgongo anarudi kwa wanawake wenzake. Nilivuka, nikafunga.